Mkwe Anakuja

Jumatatu, 4 Mei 1987. Kitale

Wodi ya wanaume asubuhi. Yule mzee aliyepooza upande wa kushoto amesimama, amekaa, amenitukana. Vizuri. Akiweza kunitukana ataweza kutembea. Wanafunzi wangu wa mazoezi ya viungo bado wanawavuta wagonjwa kwapani kama watu wanaotoa gari kwenye matope. Nimesema mpaka koo limekauka: mgonjwa asogee mbele ya kiti, arudishe miguu nyuma, ainamishe kichwa, ndipo ainuke. Wanaitikia. Kisha wanavuta kwapani. Na serikali inawasomesha.

Jioni mke wangu Nekesa ameniambia mama yake ameanguka tena kule nyumbani, karibu na Chwele. Alikuwa anatoka kwenye kiti. Akili ya mama ilianza kupotea mwaka juzi. Kwanza chumvi kwenye chai, halafu kutafuta kuku waliokwisha kuliwa, sasa Nekesa anaitwa kwa jina la dada yake aliyekufa. Wafula, kaka yake mkubwa, ndiye anakaa naye bomani. Ametuma neno kwamba mama akianguka tena atamfunga kitini kwa leso, asisumbue watu. Wafula ni mchuuzi wa ng'ombe. Kila kitu kwake ni cha kufungwa kamba.

Najua mtu akifungwa kitini kinachofuata. Miguu inasahau kazi yake haraka sana, kisha inakuja vidonda, kisha kifua. Nimewaona wengi.

Nekesa anataka niende. Kufundisha watu kuinuka na kutembea ndiyo kazi yangu. Tatizo ni kwamba mimi ni mkwe. Kwetu Wabukusu mkwe hamgusi mama mkwe, hampi mkono, hakai naye chumba kimoja. Huyu wangu akiniona hata kwa mbali anajifunika kitambaa usoni na kukata kona kwenye mahindi. Nina watoto wanaonyoa ndevu na sijawahi kuuona uso wa nyanya yao vizuri. Upuuzi mtupu. Nitakwenda.

Jumamosi, 9 Mei. Chwele

Nimefundisha uani. Nilikalia kiti nikajifanya mama, na Nasimiyu, mke wa Wafula, ambaye ndiye anamwosha na kumlisha, akasimama mbele yangu kutazama. Mama mwenyewe alikuwa ndani ya nyumba yake, amegeuza mgongo kwa dirisha. Mtaalamu yuko nje, mgonjwa yuko ndani, heshima iko katikati. Wafula alikaa kwenye kivuli akitafuna muwa na kutema makapi.

Nimemwambia Nasimiyu neno moja kwa wakati mmoja. Asiseme "mama inuka twende choo kabla mvua haijanyesha." Mtu wa akili hii akipewa maneno mengi anabaki amekaa nayo. Sogea mbele. Subiri. Miguu nyuma. Subiri. Inama. Inuka. Maneno yale yale kila siku, kwa Kibukusu, na amwonyeshe kwa mwili wake mwenyewe. Asibishane naye. Nasimiyu anashika haraka. Ni yeye peke yake.

Halafu nikachungulia dirishani. Mama amekalishwa kwenye sofa. Ni zawadi ya Simiyu, mdogo wao Wafula na Nekesa, karani huko Bungoma. Sofa ya rangi ya damu ya mzee, laini, ya chini, ukikaa unazama mpaka magoti yanatazamana na kidevu. Mimi mwenyewe ningehitaji msaada kutoka humo. Nimesema wamtoe, wampe kile kiti kigumu cha jikoni chenye mikono.

"Shemeji," akasema Wafula, "watu wakikuja wapate mama kwa kiti ya jikoni, watasema aje?"

Mama yake ameanguka kwa sababu ya hiyo sofa, na yeye anawaza watu watasema aje.

Jumapili, 10 Mei

Jana kabla hatujaondoka Nasimiyu alinieleza jambo jingine. Mama akifika mlangoni anakwama. Anatazama chini, anatetemeka, anashika fremu ya mlango na kulia. Kila siku mahali pale pale. Nikauliza sakafuni kuna nini. Kuna mkeka mweusi wa kupangusia miguu, juu ya simenti nyeupe. Nani kauleta? Simiyu tena.

Nimewaeleza wote, polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi. Macho yake yanaona sawa, lakini kichwa hakijui tena kusoma yanachoona. Kitu cheusi chini kwake ni shimo. Anaogopa kutumbukia. Ondoeni mkeka, basi. Walitazamana. Wafula akasema hilo ni jambo la kufikiriwa. Kuondoa mkeka kufikiriwe.

Jumamosi, 23 Mei. Chwele

Sijui nianzie wapi.

Nilikuta kifusi mbele ya nyumba ya mama. Baada ya mimi kuondoka Wafula alimwita mchungaji wa kanisa lao. Mchungaji akasema kama mama analia mlangoni, basi mlangoni kumezikwa kitu. Wakavunja simenti. Wakachimba mpaka magotini. Wakapata kizibo cha soda na kipande cha jembe. Vitu hivyo vikaombewa na kutupwa mtoni, na shimo likaachwa wazi mpaka mchungaji arudi kulifunga kwa maombi.

Na mkeka mweusi? Wameurudisha juu ya shimo, ili wageni wasione uchafu.

Sasa kuna shimo kweli chini ya mkeka, na wanamsukuma mama apite. Anakataa. Wanasema amezidi kuwa mbaya. Katika boma lote lile mtu mwenye akili timamu ni mmoja tu, na wanataka kumfunga leso.

Nilichukua sepetu nikalifukia mwenyewe. Nekesa alibeba kiti cha jikoni akakiingiza kwa mama, na ile sofa akaisukuma ukutani. Alikuwa na uso ambao hata Wafula hakuuchokoza.

Jumatano, 27 Mei. Kitale

Wodi. Mvua. Nimewafokea wanafunzi bila sababu. Kuna sababu, lakini si yao.

Jumamosi, 6 Juni. Chwele

Leo limetokea jambo.

Nasimiyu aliniambia nilipofika kwamba maneno yangu hayashiki. Kiti kigumu kimesaidia, mlango umesaidia, lakini mama haanzi. Akiambiwa sogea mbele anamtazama Nasimiyu kwa upole na kukaa vile vile. Mara moja katika siku nyingi anainuka, kisha anasahau kwa nini ameinuka. Nikasema aendelee. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua.

Mchana mvua ya mawe ikashuka kutoka mlimani ghafla. Nilikuwa uani. Nikakimbilia mlango uliokuwa karibu, na mlango uliokuwa karibu ulikuwa wa mama mkwe.

Alikuwa kwenye kiti chake, ananikabili. Akaniona. Hapo mkono ukapanda ukavuta kitambaa usoni. Makalio yakasogea ukingoni mwa kiti. Miguu ikarudi nyuma, kifua kikainama, akainuka wima mara moja bila kutapatapa, akanigeuzia mgongo, akatembea na ukuta mpaka mlango wa nyuma na kwenda zake jikoni, mvuani. Hatua nzuri. Visigino vinagusa chini. Sijapata kumfundisha mtu akafanya vizuri vile.

Nasimiyu alikuwa ameshika sufuria, mdomo wazi. Mimi pia. Nilitoka nikasimama kwenye mawe yale yakanipiga kichwani, nikicheka kama mwehu.

Wafula aliposikia hakuuliza mama ametembeaje. Alisema nimevunja mwiko, natakiwa kutoa mbuzi. Tena akataja na rangi yake.

Jumapili, 7 Juni. Chwele

Jana usiku, kwa jirani tulikolala, Nekesa alisema wazi: "Baba Naliaka, si wewe ndio dawa? Hajui mimi ni nani, lakini aibu ya mkwe bado anayo."

Nilikataa. Nilisomea kazi hii miaka mitatu, nina cheti ukutani, sikuzaliwa niwe sanamu ya kutishia ndege. Lakini baada ya kanisa nilipita mbele ya mlango wake, nikakohoa. Akainuka. Akajifunika. Akaenda mpaka jikoni. Nikapita tena jioni, naye Nasimiyu akawa anatangulia kumwelekeza upande wa choo. Akaenda mpaka chooni na kurudi. Alipofika kwenye kiti aligeuka, akakipapasa kwa nyuma ya miguu, ndipo akakaa. Hata hilo la kukipapasa analijua. Sikuwahi kumtamkia.

Nimefurahi sana. Na nimekasirika, kwa sababu kilichofanya kazi ni ule upuuzi. Maarifa yangu yote yamekaa nje, na mwiko umeingia ndani ukamwinua.

Jumamosi, 20 Juni. Chwele

Siwezi kuwa hapa kila siku, nina kazi Kitale. Kwa hiyo safari iliyopita nilimpa Nasimiyu maneno mawili. "Mkwe anakuja." Akisema hayo mama anaanza mwenyewe, na vingine vyote vinafuata. Wamejaribu wiki hii. Yanafanya kazi asubuhi, mchana na jioni. Akishafika anakokwenda Nasimiyu anamwambia, "Amepita," naye anafunua uso na kutulia.

Nimeweka masharti. Yasemwe na Nasimiyu tu. Mama awe kwenye kiti kigumu, awe macho, awe na viatu, njia iwe wazi. Na yasemwe pale tu anapohitaji kwenda. Wafula aliitikia kwa kichwa kila sharti. Ng'ombe wake pia huitikia kwa kichwa.

Jumamosi, 4 Julai. Chwele

Mama anatembea. Nasimiyu anasema jana alichukua ufagio akafagia mbele ya mlango bila mtu kumwambia. Nekesa alilia aliposikia. Mimi nilikwenda nyuma ya zizi kwa muda.

Basi ningeishia hapo. Lakini nilipokuwa huko nyuma ya zizi nilisikia vicheko. Wafula alikuwa na marafiki zake wa soko, wamekaa mbele ya nyumba ya mama. "Mama," akaita, "mkwe anakuja!" Nikamwona mama akihangaika, kitambaa, miguu, akiinuka, akienda. Wakacheka. Hakuna aliyemwambia amepita. Akabaki jikoni amejifunika akimngojea mtu aondoke. Mmoja wao akaomba arudishwe waone tena.

Nilimwambia Wafula mbele ya wenzake kwamba ni mpumbavu. Sikutafuta neno jingine. Akatabasamu.

"Si ni wewe umetufundisha, bana?"

Namchukia zaidi kwa hilo.

Jumanne, 14 Julai. Kitale

Habari zimefika kupitia mwalimu mmoja anayetoka kule. Jumapili Simiyu alileta wakubwa wake wa ofisi kutoka Bungoma kumsalimu mama. Kwa ajili ya wakubwa, kiti kigumu kikatolewa na mama akarudishwa kwenye sofa. Baada ya chakula Wafula akataka kuwaonyesha wageni. Akaita maneno. Mama akajaribu kutoka kwenye lile shimo la mito, akaanguka kifudifudi juu ya meza. Mkono umevunjika juu kidogo ya kiganja. Amefungwa plasta. Daktari aliyemwona amesema ni uzee. Angeiona ile sofa angesema jingine.

Wakubwa wa ofisi walimaliza chai yao kwanza ndipo wakampeleka hospitali kwa gari lao. Simiyu anaona tuwashukuru.



Jumamosi, 18 Julai. Chwele

Wamemfunga. Leso imezungushwa kiunoni na nyuma ya sofa, mafundo mawili. Maandishi ya leso yenyewe yanasifu upendo wa mama. Alikuwa akiivuta vuta kwa mkono mmoja, ule mzima, bila hasira, kama mtu anayetafuta kifungo.

Nekesa aliyafungua mafundo kwa meno. Kisha akamgeukia Wafula na kusema mambo ambayo sitayaandika, mengine sikujua anayajua. Akasema anamchukua mama Kitale leo hii.

Hapo Wafula akawa mtu wa mila. "Mama alale kwa nyumba ya mkwe? Unataka kutuua sisi wote?" Na jambo baya ni kwamba Nekesa akanyamaza. Nasimiyu akatazama chini. Hata mimi, ninayeyaita haya yote upuuzi, nilijiona nikipita sebuleni kwangu kila asubuhi, na mama wa watu akikimbilia jikoni kila nikikohoa, mpaka afe. Haiwezekani.

Tumekubaliana hivi. Sofa itoke. Wafula asitamke yale maneno tena. Plasta ikitolewa, kama mama anainuka na kwenda chooni mwenyewe, anaachwa huru. Kama hawezi, Wafula anafunga, na hakuna atakayemuuliza. Alitaka tushikane mikono kwa hilo kama kwenye mnada wa ng'ombe. Nilimshika mkono. Ulikuwa na jasho.

Jumamosi, 1 Agosti. Chwele

Mabaya. Maneno yamekufa. Nasimiyu anasema "Mkwe anakuja," mama anatazama mlango, haoni mtu, anabaki amekaa. Walimwita bure mara nyingi mno. Hakumbuki nani alimdanganya wala lini, lakini mwili wake umeshika kwamba maneno hayo hayana mtu.

Nilipopita mimi mwenyewe aliinuka. Kwa shida, plasta inamlemea upande mmoja, lakini aliinuka.

Kwa hiyo ni mimi. Nimeomba likizo.

Alhamisi, 13 Agosti. Kanduyi

Nalala kwa Simiyu, nje kidogo ya mji wa Bungoma, kwa sababu kulala kwenye boma la mama mkwe nako ni mwiko. Nimeacha kuhesabu miiko. Nyumba ya Simiyu ina sofa mbili kama ile, zimefunikwa plastiki, ukikaa zinalia. Anasema "hali ya mama" kana kwamba anaongea juu ya barabara iliyoharibika. Kila jioni ananiuliza kama kuna maendeleo. Huyu angefaa kuhutubia mikutano.

Kila asubuhi naenda Chwele na kupita mlangoni. Hiyo ndiyo kazi yangu ya likizo. Napita, nakohoa, anainuka, Nasimiyu anamtangulia, anakwenda, anarudi, mimi najificha nyuma ya ghala la mahindi. Mchana tena. Kabla ya jua kushuka tena. Nimevaa koti langu la kazini ili anione vizuri. Majirani wameanza kunisalimu kwa namna fulani.

Leo Nasimiyu alikuja nyuma ya ghala akijizuia kucheka. Mama amemnong'oneza, huku amejifunika: "Huyu mkwe wetu, kwani hana kwao?"

Ni neno la busara pekee nililosikia katika familia hii tangu nioe.

Jumamosi, 22 Agosti. Chwele

Plasta ilitolewa juzi. Leo Wafula alikuja kutazama. Alileta kigoda chake akakaa mbele ya nyumba, leso imekunjwa begani, makusudi nione.

Nilipita. Sikukohoa hata. Mama akavuta kitambaa kwa ule mkono uliopona, mwembamba sasa, ngozi imefifia. Akasogea. Akainama. Akainuka. Nasimiyu alibaki mahali pake, hakumtangulia. Mama akavuka mlango pale walipochimba, akavuka ua, akapita mbele ya mwanawe bila kumtazama, akaingia chooni, akafunga mlango. Akatoka. Akarudi. Akakipapasa kiti, akakaa.

Wafula aliinuka akaenda zake. Leso aliiacha kwenye kigoda. Nekesa aliichukua akaitia kwenye maji ya kufulia.

Nimeshinda. Naandika hivyo kwa sababu hakuna mwingine atakayeandika. Nilikuwa na hamu ya kumwita mchungaji na wakubwa wa ofisi waje waone. Lakini nilikaa tu nyuma ya ghala nikanywa uji. Kesho narudi Kitale.

Jumanne, 8 Septemba. Kitale

Nasimiyu ametuma habari kwamba mambo yanakwenda. Shemeji zangu wengine, ndugu zake Nekesa, wanapita mlangoni kwa zamu wamevaa koti langu. Nililiacha kule kwa kazi hiyo. Mama anainuka kwa koti. Siku nyingine anatazama sana kwanza.

Nimewaeleza wanafunzi kisa hiki wodini bila kutaja nani. Mmoja akauliza kama itakuja kwenye mtihani.

Jumamosi, 26 Septemba. Chwele

Nilifika asubuhi. Mahindi yamekauka, yanangoja kuvunwa. Nilipita mlangoni.

Hakuinuka. Nikarudi, nikapita tena, nikakohoa. Alikuwa ananitazama. Mikono imetulia mapajani. Kitambaa kilikuwa kimeteleza mabegani na hakukigusa. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake wote. Ana paji la Nekesa. Ana pengo la meno ya chini yaliyong'olewa ujanani, kama wazee wetu wote wa umri wake. Akatabasamu.

"Mulembe," akasema. "Ingia ukae."

Nasimiyu alimwambia, "Mama, ni mkwe."

"Mkwe wa nani?" Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayeulizia njia. Kisha akaninyooshea mkono.

Ulikaa hewani. Wafula alikuwa mlangoni nyuma yangu. Nilingoja aseme kitu. Nekesa alikuwa uani na ungo, naye akasimama. Nikaupokea. Ni mkono mwepesi, wa joto.

Miaka yote nimeicheka ile aibu yake. Leo ningetoa chochote ajifunike uso na kunikimbia.

Nilipiga goti mbele yake kama kwa mgonjwa mwingine yeyote. Nikamwambia asogee mbele. Nikamwekea kiganja mgongoni. Miguu nyuma. Inama. Hakuweza peke yake, nguvu ya kuanza imekwisha, lakini nikiianza mimi yeye anaimalizia. Tulijaribu mara kadhaa. Wafula akaja akasimama karibu, akatazama mikono yangu, akasema, "Nionyeshe." Nikamwonyesha. Anashika vibaya. Nimemrudisha mara nyingi, naye hakununa. Hakuna leso tena, amesema mwenyewe, bila kuulizwa. Atakuwa anamwinua yeye asubuhi na Nasimiyu mchana.

Kisha nikampeleka mama chooni mimi mwenyewe, mpaka mlangoni ambako Nasimiyu alimpokea. Ameshika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Anatembea polepole sasa. Alinionyesha mahindi, akasema ni mazuri, akaniuliza ni ya nani. Nikasema ni yake. Akafurahi sana.

Tuliporudi alikaa vizuri. Akanishukuru. Akaniuliza kama mama yangu bado yuko.

Mama yangu alikufa nikiwa shule ya msingi, Saboti. Nikasema yuko.